Sekunde Tisini

Mtoto wa Winrose hakuwemo. Teresia, karani wa parokia, alimtafuta kwa jina la ubatizo, akamtafuta kwa jina la baba, mwisho akamtafuta kwa tarehe, Jumatatu ya Pasaka, na kompyuta ikamletea watoto watano tu. Siku ile walibatizwa kumi na wanne. Teresia alikuwa na uhakika kwa sababu viti vya wasimamizi alivipanga yeye.

"Angalia tena," Winrose akasema. "Tunahamia Meru kwa kina mume wangu, na nasari ya masista wanataka cheti wiki ijayo. Sasa nitawaambia nini, ati hakubatizwa?"

"Nimeangalia mara tatu, Mama Bundi."

"Na mzee aliniandika nikiwa nimekaa hapo. Akaniuliza mpaka cucu, nyanya yake mume wangu, alikuwa anaitwa nani. Tulikaa mpaka mtoto akalala."

Ikabidi mzee aitwe. Mzee Gachoki alikuwa nje akipunguza ua wa kaiyaba, kazi ambayo hakuna aliyemtuma, lakini mtu aliyekuwa katekista kwa miaka thelathini na minane hawezi kukaa bure karibu na kanisa lake. Aliingia na makasi yake makubwa, akayaegemeza mlangoni, akafuta mikono na kuvaa miwani. Aliipitia ile orodha fupi kwa kidole. Kidole kilifika kwenye namba 212, mbele yake jina la mtoto mwingine, si Bundi wa Winrose, kikasimama hapo. Mzee hakusema neno. Wanaomjua wangeogopa wakati huohuo, maana hakuwa mtu wa kunyamaza likija suala la rejista.

Padre Mwirigi alitoka ofisini kwake aliposikia sauti. Alikuwa kijana wa milima ya Meru, mwaka mmoja na nusu kwetu huku juu ya Kanja, mpole, mchapakazi, na hilo ndilo lilikuwa balaa lenyewe. Mtu mbaya akikufukuza unaweza kugombana naye. Padre Mwirigi alimshika mzee begani, akamwomba Winrose radhi kwa niaba ya parokia, akamwahidi cheti, kisha akamwita mzee pembeni, pembeni penyewe pakiwa hatua tatu tu kutoka kwa Winrose na Teresia.

"Mzee wangu, umefanya kazi kubwa sana," akaanza, na kila mtu akajua yanayofuata. "Mimi naona upumzike. Jumapili nitawatangazia wakristo, tukushukuru vizuri, wakupigie makofi. Funguo utampa Teresia."

"Fada, niliwaandika," mzee akasema.

"Najua uliamini uliwaandika."

Mzee akachomoa ufunguo wa kabati kwenye kamba yake, akauweka mezani. Teresia akasema, "Pole, Mzee," kwa ile sauti ya kumwambia mgonjwa. Mzee aliondoka akayasahau makasi mlangoni, na hilo pia lilionekana.

Nyumbani habari zilimtangulia. Munyi, mwanawe aliyebaki kwenye shamba, alikuwa ametoka kupeleka majani ya chai na tayari ameambiwa njiani na watu wawili. Hakuwa kijana mbaya Munyi. Alimpokea baba yake kofia, kitu ambacho hakuwahi kufanya, na mzee akajua.

"Baba, si ni uzee tu," Munyi akasema wakila. "Hata Uncle Gichovi alianza hivihivi."

Gichovi alikuwa kaka wa mzee. Alianza kwa kusahau mahali alipofunga ng'ombe, na siku moja akakutwa mji wa Gachoka, mbali na kwao, siku ya soko, amesimama katikati ya wauza kunde, akiuliza watu njia ya kwao. Miaka mitatu baadaye hakumjua mtu. Jina lake lilipotajwa pale mezani, mzee aliacha kutafuna.

Kuanzia Jumatano hiyo nyumba ilibadilika kidogo kidogo. Munyi alianza kumtajia baba yake siku ya wiki bila kuulizwa: "Leo Alhamisi, Baba." Dawa ya kuogeshea ng'ombe ilihamishwa ikawekwa juu. Jirani aliyekuja kuazima jembe alimsalimia mzee kwa kupaza sauti, kana kwamba kusahau na uziwi ni ugonjwa mmoja. Mzee Gachoki aliitikia kila kitu kwa adabu. Mchana alikaa chini ya paa la jiko na kalamu mkononi, akiandika kwenye gazeti la zamani majina ya watu waliokufa, waliohama, waliooa, kisha akiyasoma kuona kama bado anawajua.

Ciku, binti wa mzee, alipigiwa simu na kaka yake Munyi Alhamisi jioni. Alikuwa akiishi mjini Embu, mtaa wa Dallas, chumba na sebule, na kazi yake ilikuwa kuandika programu kwa ofisi moja ya mjini. Programu ya rejista ya parokia alikuwa ameiandika yeye, bure, miezi saba iliyopita, baada ya Padre Mwirigi kuuliza misani kama kuna mkristo anayejua mambo ya kompyuta.

"Padre anasema mzee amesahau watoto tisa," Munyi alimwambia. "Tisa, Ciku, si mmoja. Siwezi kumwacha peke yake na ng'ombe."

Ciku aliomba ruhusa. Ijumaa saa sita alikuwa akipanda kijilima cha kwao na mtoto mgongoni na kompyuta begani. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, jina lake Ruguru, jina la marehemu mama yake Ciku. Mzee alipomwona alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Mke wangu umekuja," akamwambia mtoto, kama babu yeyote wa huku anavyomtania mjukuu mwenye jina la mkewe. "Umeniletea nini mjini?"

Mtoto akamvua miwani.

Ni lazima niseme jinsi rejista ilivyokuwa, kwa maana bila hilo mtu hawezi kuelewa kosa lililofanyika.

Kilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa cheusi, kizito kama jiwe la kusagia, na kilikuwa na harufu ya wino na mafuta ya taa. Jumamosi mchana mzee, enzi hizo nywele nyeusi, alikifungua mezani na familia zikaingia moja moja. Ciku alikuwa na miaka tisa. Alipiga magoti kwenye kiti kando ya baba yake, na kazi yake ilikuwa moja: mstari ukiisha, aweke karatasi ya kunyonya wino, abonyeze, ahesabu mpaka ishirini. Alijiona mtu mkubwa kuliko chifu.

Baba yake alikuwa na mwendo wake. Kwanza aliandika namba ukingoni. Halafu aliweka kalamu chini, akafungua mazungumzo. Mtoto ameitwa nani? Kwa nini? Kama ni wa kiume wa kwanza ni lazima babu mzaa baba atajwe, na huyo babu alikuwa nani, wa ukoo gani, alikufa lini, alipenda nini. Kama kulikuwa na nyanya amekuja, nyanya aliulizwa kabla ya wazazi. Wakati mwingine jina lilibishaniwa pale pale mezani, machozi yakatoka, watu wakatoka nje wakapatana na kurudi. Mzee hakumharakisha mtu.

"Ukishaandika namba, huyo mtoto ana kiti," alimwambia Ciku. "Wabishane mpaka jioni. Kiti ni chake, hakuna wa kumwondoa."

Mama yake alikuja na birika la chai na sufuria ya nduma, akasimama mlangoni akisema, "Mkimaliza kuandika mbingu yote mtakuja mle." Wote wakacheka, hata wale waliokuwa wanabishana. Ciku amekula vyakula vingi tangu wakati ule, na vingine vya bei, lakini akisikia harufu ya wino hadi leo hutamani nduma baridi.

Ndiyo maana alipoandika programu alimwandikia baba yake. Aliifanya ifuate kitabu. Ukibonyeza "Mtoto Mpya", programu ilichukua namba kwanza, ikaishikilia, ikakungoja. Maneno yote aliyaweka kwa Kiswahili. Ulipomaliza na kubonyeza "Hifadhi", iliandika kwa herufi kubwa: Imehifadhiwa, asante Mzee. Padre alitaka "Mzee" liondolewe. Ciku alikataa.

Rejista ya karatasi ilijaa mwezi wa pili. Mpya iliagizwa, haijafika hadi leo. Pasaka ilikuta kompyuta peke yake.

Walikaa chini ya paa la jiko, Ciku akimenya viazi, mzee amempakata mtoto. Munyi alikuwa ameshuka kukata nyasi. Ciku hakujua aanzie wapi, na mzee hakumsaidia. Mwishowe akauliza tu.

"Baba, siku ile uliona kitu?"

Mzee alimsogeza mtoto goti la pili. "Ukiambia kaka yako atanifungia ndani."

"Simwambii."

"Namba ilikuwa inarudi," mzee akasema. "Inanipa 212, naandika, tunaongea, nabonyeza, inaniambia asante. Nafungua mtoto mwingine, 212. Mara sita, Ciku. Asubuhi 210 ilirudi pia. Nikajiambia, wewe Gachoki, umeandika au umeota umeandika? Nikakumbuka Gichovi. Nikanyamaza."

"Mwezi mzima na nusu?"

"Ningemwambia nani? Nikisema namba inarudi, watasema kichwa ndicho kinarudi."

Ciku aliweka kisu chini. Alimwangalia baba yake, lakini moyoni alikuwa tayari kwingine, mwezi wa tatu, siku moja ya Kwaresima, akiwa kwenye kiti chake cha Dallas na simu sikioni, Teresia akilalamika. Alikuwa amebadilisha kitu siku ile.

"Baba," akasema, "vaa koti. Twende ofisini."

Teresia aliwafungulia kwa wasiwasi, maana mzee hakutakiwa kugusa kitu. Ciku alikaa kwenye meza ya kompyuta kubwa, akafungua daftari la matukio, lile faili ambalo programu hujiandikia yenyewe kila kinachotendeka na saa yake. Teresia alisimama nyuma yake, mzee akakaa kwenye benchi la wageni na mtoto.

"Unakumbuka Kwaresima ulinipigia?" Ciku akamuuliza Teresia.

"Si nilikuambia system inakwama. Mzee akiandika watoto, mimi nikitaka kuingiza ndoa inaniambia imefungwa, jaribu tena. Nikijaribu tena, imefungwa."

"Sababu hizo meza ni mbili lakini faili ni moja. Hii hifadhidata ni ndogo, inakaa ndani ya programu yenyewe. Anayeandika ni mmoja, mwingine anangoja. Ni kama kabati lenye ufunguo mmoja." Ciku aliongea bila kugeuka. "Kuna muda unaomwekea anayengoja: angoje sekunde ngapi ndio akate tamaa. Wako ulikuwa tano. Nikauongeza thelathini."

"Ikawa mbaya zaidi. Skrini ilikuwa inaganda tu, nakaa kama mjinga."

"Eeh. Ndio nikaweka muda wa pili, wa yule mwenye kufuli, yaani anayeandika. Nikasema hakuna mtu anakaa na mtoto mmoja kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Sekunde tisini zikiisha, hifadhidata imnyang'anye kufuli, ifute alichoanza, namba irudi." Sasa akageuka kwenye benchi. "Mimi, mtoto wake, nikaandika kwamba hakuna mtu anakaa zaidi ya dakika moja na nusu."

Teresia alikuwa mwepesi. "Lakini si ilikuwa inamwambia imehifadhiwa? Hata mimi niliona, nikipita nyuma yake."

"Nilikuwa nimeandika iseme hivyo akibonyeza tu. Haikuuliza hifadhidata kama kweli imeweka."

Alishuka na kidole kwenye skrini. Yote yalikuwepo. Watoto watano walioingia walikuwa wale wasio na nyanya aliyekuja, wale wa haraka haraka, dakika moja, dakika moja na robo. Waliofutwa walikuwa tisa. Ukurasa wa mtoto wa Winrose ulifunguliwa saa nane na dakika nne, ukanyang'anywa kufuli baada ya sekunde tisini, na kitufe kikabonyezwa dakika kumi na moja baadaye, mzee akiambiwa asante kwa kitu kisichokuwepo. Mwingine dakika saba. Mwingine kumi na nne.

Wa mwisho ulifunguliwa saa kumi na dakika kumi na mbili, watu wote wakiwa wameondoka, na kitufe kilibonyezwa saa kumi na dakika arobaini na tatu. Dakika thelathini na moja. Ciku alijua ni nani. Siku ile Ruguru wake, naye amebatizwa, alikuwa akilia kwa njaa, na baba yake alimwambia nenda ukamnyonyeshe, huyu nitamwandika mimi mwenyewe, baada ya wote.

Hakuligusa hilo. Alisimama, akaenda kubisha mlango wa padre.

Padre Mwirigi aliwasikiliza wote wanne, mtoto akiwemo, akasoma daftari la matukio kwa makini, kisha akashusha pumzi ya mtu aliyeondolewa mzigo.

"Kwa hivyo hakuna wa kulaumiwa. Ni system error. Hayo hutokea."

Ilikuwa rahisi kuitikia. Padre alikuwa ameisifu programu ile mbele ya mapadre wenzake, na parokia mbili zilikuwa zimeshaiulizia. Ciku angeweza kuondoka na jina lake safi, na baba yake pia angekuwa amesafishwa, nusu nusu.

"Si system, Fada," akasema. "Ni mimi. System ilifanya nilichoiambia. Nilibadilisha muda nikiwa Dallas bila kukaa hapa hata siku moja nione mzee anavyofanya kazi. Na mimi nilikuwa najua anavyofanya kazi. Jumapili ukitangaza kitu, tangaza hivyo."

Padre aliangalia mezani. Karatasi ya matangazo ilikuwa pale, imekwisha kupigwa chapa, na sentensi ya shukrani kwa katekista wetu mpendwa ilikuwa ya tatu kutoka juu.

"Nimekusikia," akasema polepole. "Lakini niseme ukweli pia. Mzee ana miaka sabini na miwili. Dakika kumi na nne kwa mtoto mmoja. Na hao tisa sasa itabidi tuwafuate nyumbani kwao mmoja mmoja, tuwaulize upya. Wengine wameshahama."

"Kuwafuata kwa nini?" mzee akauliza.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie. Wote wakamgeukia.

"Si niliwauliza," akasema. "Chukua orodha ya wazazi wa mafundisho ya ubatizo, Fada, unifuate."

Akaanza. Hakufumba macho wala kuangalia dari. Alisema kama mtu anayesoma ukurasa ulio mbele yake, na Ciku akavuta kompyuta akachapa.

"Wa kwanza, Pius Bundi, wa Kiunga na Winrose. Msimamizi Mithika wa Nkubu. Cucu alitaka aitwe Mithika, si la msimamizi, ni la yule kijana wao marehemu aliyeanguka kwa mti, baba akasema hapana, kwanza babu. Cucu akalia. Tukaandika Bundi, nikamwambia cucu anayefuata ni wake. Wa pili, Dionisia Kanana. Mama yake ni yule anashona nguo hapa Kanja, baba ni mwalimu. Jina la mama ya mwalimu, aliyekuwa mkunga. Huyo mkunga ndiye alimpokea Munyi wangu, andika, ah, hapana, usiandike hilo."

Padre alikuwa akifuata kwa kalamu. Kwa wa tatu alitia alama. Kwa wa nne alisahau kutia alama, akawa anasikiliza tu. Kulikuwa na mtoto aliyepewa jina la babu aliyezika ng'ombe wake kama mtu. Kulikuwa na Gitobu, jina ambalo baba hakulitaka hata kidogo, akalikubali alipoambiwa mwenye jina hilo wa kwanza alikuwa mchekeshaji. Teresia alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Wa tano, wa sita, wa saba, tarehe za kuzaliwa zikiwemo, wasimamizi wakiwemo, na walipofika wa nane padre aliweka kalamu chini na kuangalia dirishani.

"Huyo ni wa nane," padre akasema baada ya muda. "Wa tisa?"

Mzee akanyamaza.

Nje mtu alikuwa akifagia majani. Padre alimtazama Ciku kwa huruma, ile huruma ya Jumatano ikianza kurudi, na akafungua mdomo kusema si kitu, nane ni wengi. Ciku akatikisa kichwa kumzuia.

"Wa tisa namkumbuka," mzee akasema. "Huyo nitamwandika mwenyewe."

Ilimchukua Ciku karibu saa nzima kurekebisha programu na kuwaingiza wale wanane. Kazi yenyewe haikuwa kubwa, kubwa ilikuwa kuacha alichokuwa amekipenda. Sekunde tisini alizitoa kabisa kwa anayeandika. Ukurasa sasa ungekaa wazi bila kufuli yoyote, saa nzima, mchana kutwa. Kufuli lingeshikwa mwishoni tu, kitufe kikibonyezwa, kwa muda usiofika kupepesa jicho, na namba ingetolewa hapo. Teresia akikuta limeshikwa angeruhusiwa kungoja sekunde tano, na asingefika hata ya kwanza. Na neno Imehifadhiwa lisingetokea mpaka hifadhidata yenyewe iseme ndiyo.

Alipomweleza baba yake, mzee hakufurahi.

"Namba mwishoni? Na wakati huo wote mtoto amekaa wapi?"

"Kwa magoti yako, Baba. Kiti atapewa akishakuwa na jina."

Mzee alilifikiria hilo. Alikuwa na Ruguru magotini wakati ule, akitafuna kamba ya miwani. "Haya," akasema.

Teresia alirudi mezani kwake kuingiza matangazo ya ndoa ya Jumapili. Ciku alifungua ukurasa mpya mbele ya baba yake, akampa nafasi. Mzee alichapa kwa kidole kimoja. Jina la ubatizo, Monika. Akasimama hapo. Jina la nyumbani, Ruguru, herufi moja moja, akiangalia kila moja ikitokea. Akasimama tena. Sekunde tisini zilipita, Ciku alizihesabu kwa mazoea, kama zamani alivyokuwa akihesabu ishirini. Nyuma yao Teresia alibonyeza, na mashine yake ikamwambia imehifadhiwa. Akabonyeza nyingine. Hakuna aliyemzuia mwenzake.

"Siku ile nilikaa hapa," mzee akasema bila kugeuka. "Jina la mama yako nilikuwa sijaliandika tangu nilipoliandika kwenye kitabu cha marehemu. Vidole vilikataa."

"Najua, Baba. Niliona saa."

"Na hapa pia nilikaa." Alionyesha nafasi inayofuata, jina la baba wa mtoto, iliyokuwa tupu. "Kwenye kitabu nilikuwa napiga mstari. Msichana wa mtu akija peke yake, napiga mstari hapo, wa wino, kwa rula. Miaka thelathini na minane nimewapigia wasichana wa watu mistari. Sikuwahi kufikiria ni mstari wa nini." Akagusa ile nafasi tupu. "Wewe ulikuwa unaniwekea karatasi juu yake, ukikausha."

Ciku alikumbuka ile mistari. Alipenda jinsi ilivyokuwa imenyooka.

"Wako sikuupiga," mzee akasema. "Niliacha wazi. Hata leo naacha wazi."

Alijaza yaliyobaki. Mama, Ciku wa Gachoki. Msimamizi. Tarehe. Alipofika chini alirudi juu akasoma kila neno, halafu akauchukua mkono mdogo wa mtoto, akanyoosha kidole chake kimoja, akakibonyeza kwenye kitufe.

Programu iliuliza hifadhidata. Hifadhidata ikajibu. Ikaandika: Namba 222. Imehifadhiwa, asante Mzee.

Mzee hakuamini maandishi hayo tena, na hakuna wa kumlaumu. Aliufunga ukurasa, akamwambia Ciku afungue mtoto mpya. Ciku akafungua, nafasi zote zikiwa tupu, namba haikurudi. Mzee akamwambia atafute 222. Ciku akatafuta, na Monika Ruguru akatokea, yuko palepale.

Padre Mwirigi alikuwa amekuja na ufunguo wa kabati mkononi na ile karatasi ya matangazo, sentensi ya tatu imekatwa kwa kalamu. Aliona si wakati wake, akaviweka vyote viwili kwenye benchi, juu ya koti la mzee, akarudi kimya.

"Twende," Ciku akasema. "Munyi atakuwa anatutafuta. Leo Ijumaa, Baba."

"Najua ni Ijumaa," mzee akasema. Alimwinua mjukuu wake, akamweka kwenye kile kiti cha kando ya meza, kiti kilekile cha mbao, akamshikilia asianguke. Mtoto akapiga meza kwa viganja. "Mke wangu, kaa hapo kidogo. Umeshapata kiti."